Chanjo Si ya Watoto Peke Yao

Hebu uliza nyumbani mwako leo: ni nani kati yenu aliyechanjwa mwisho, na lini? Bila shaka mtamtaja mtoto mchanga. Mama yake atakwenda kuileta kadi ya kliniki, iliyofungwa vizuri katika mfuko wa nailoni, nayo imeandikwa tarehe zote. Kisha uliza habari za bibi mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, au za baba mdogo mwenye pumu, au za dada yule anayemeza vidonge kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi usiokwisha. Hao kadi yao iko wapi? Katika nyumba nyingi hakuna kadi, wala hakuna aliyewahi kuwauliza.

Makala haya ni kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili yako wewe unayekaa nao.

Huku kwetu Nyanda za Juu za Kusini, tangu Iringa na Mafinga mpaka Mbeya na Tukuyu, maumivu ya viungo ni habari ya kila siku, na watu husema ni baridi tu. Kweli, mwezi wa Juni na Julai asubuhi huko Mafinga au kwenye milima ya Uporoto hata kijana mzima haoni raha kushika mpini wa jembe. Lakini baridi yabisi yenyewe, ile inayovimbisha viungo vya mikono yote miwili, ambayo mama hawezi kufunga kifungo cha nguo mpaka jua lipande, haikuletwa na hewa ya milimani. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili wenyewe.

Mwili una askari wake wa kuulinda na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hupotea njia, wakaacha kumpiga adui na kugeuka kuipiga nyumba waliyowekwa kuilinda. Wakipiga viungo, ndiyo baridi yabisi. Wakipiga ngozi ikawa na magamba meupe, huitwa soriasisi. Wakipiga utumbo, mtu huhara damu miezi na miaka. Na ule ugonjwa uitwao lupasi hupiga popote, tangu ngozi ya uso mpaka figo. Pumu nayo ina undugu na magonjwa hayo, ingawa njia yake ni nyingine. Yote ni uvimbe wa ndani usiotulia. Tena usidhani ni mambo ya watu wachache sana: duniani kote, katika watu wazima 200 huwapo mmoja au wawili wenye baridi yabisi ya namna hii, na wanawake huwazidi wanaume mara mbili au tatu.

Dawa inayosaidia na kudhoofisha

Basi dawa za magonjwa haya hufanya nini? Huwatuliza askari. Prednisoloni, methotreksati, azathioprini na nyinginezo ni msaada mkubwa, maana zimewainua watu wengi waliokuwa wamelala kitandani na kuwarudisha shambani. Lakini askari aliyetulizwa hakurupuki upesi adui wa kweli anapobisha hodi. Mafua makali ambayo jirani yako ameyapata akalala siku tatu, kwa mgonjwa huyu yaweza kugeuka kichomi cha kumpeleka hospitali. Mkanda wa jeshi humpata kwa urahisi zaidi. Na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda vimelala ndani ya mtu miaka mingi bila kumdhuru, vyaweza kuamka dawa inapoanza, vikaliharibu ini.

Hapa yafaa niseme neno juu ya maduka ya dawa. Wako watu ambao hawajaambiwa na daktari yeyote ya kuwa wana ugonjwa wa namna hii. Viungo vinauma, huenda dukani, huomba “dawa ya viungo,” hupewa vidonge vidogo katika karatasi, na kesho yake wanatembea vizuri ajabu. Mara nyingi vidonge hivyo ni prednisoloni au ndugu yake dekisamethasoni. Mtu huvinunua mwaka mzima bila kujua kwamba anailaza kinga yake. Madaktari huhesabu hivi: miligramu 20 za prednisoloni kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 5, kwa majuma mawili au zaidi, zatosha kumweka mtu katika hesabu ya waliopungukiwa kinga. Kama wewe ni mmoja wao, usiviache ghafula kwa hofu, kwa sababu kuviacha ghafula baada ya kuvizoea ni hatari pia. Chukua karatasi ya vidonge hivyo, nenda nayo kwa daktari.

Sasa tazama jambo la kusikitisha. Mtu anayehitaji kulindwa kuliko wengine ndiye asiyechanjwa. Kwa nini? Si kwa sababu ya ukaidi wake. Katika vituo vyetu vingi jokofu la chanjo liko upande wa kliniki ya mama na mtoto, na mgonjwa wa viungo hupanga foleni upande wa wagonjwa wa nje. Pengine ni hatua hamsini tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, lakini hakuna mwenye kazi ya kumvusha. Daktari anatazama viungo, foleni ni ndefu, na madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache mno katika nchi nzima. Muuguzi wa chanjo naye anawangoja watoto. Kila mtu amefanya kazi yake vizuri, na bibi amerudi Kilolo bila kuulizwa.

Mwezi Machi 2022 jambo hili lilionekana wazi kabisa, ingawa sidhani kama kuna aliyelitia maanani. Polio ilikuwa imeonekana Malawi, na serikali yetu ikaanza haraka na mikoa ya jirani: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wachanjaji walikwenda nyumba kwa nyumba na masanduku yao ya baridi, wakawatia watoto wa chini ya miaka mitano matone mdomoni na kuwapaka wino kidoleni. Kazi njema sana. Lakini katika nyumba ngapi walimpita bibi anaota jua mlangoni, mikono imevimba, naye akawashukuru kwa ajili ya wajukuu, wakaendelea na safari?

Tuliyojifunza mwaka 2021

Mara moja tu nchi yetu iliwaita wagonjwa hawa mbele ya wengine. Julai 2021 chanjo ya korona ilipofika, shehena ya kwanza ilikuwa dozi zaidi ya 1,000,000, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote Dar es Salaam. Walioitwa kwanza walikuwa wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa ya kudumu. Mlango ulifunguliwa, lakini walioingia walikuwa wachache. Maneno yalikuwa mengi, mengine ya kutisha, na si kila mwenye maumivu ya viungo aliyejua kwamba yeye ndiye aliyeitwa kwa jina la “magonjwa ya kudumu.” Mwanzoni mwa mwaka 2022, katika kila Watanzania 100 waliokamilisha chanjo hawakufika hata 5.

Ndipo wenye kazi wakabadili njia. Hawakungoja watu hospitali. Walikwenda vijijini, sokoni, kwenye vituo vya mabasi, makanisani na misikitini, na nyumba kwa nyumba. Chanjo ikapelekwa pia mahali ambapo wagonjwa walikuwa tayari wanahudhuria kwa sababu nyingine. Kufika katikati ya mwaka 2023, kiasi cha nusu ya watu wote wa nchi walikuwa wamechanjwa. Watu hawakuwa wamebadilika tabia kwa mwaka mmoja na nusu. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtu na sindano, na kwamba mtu mwenye sura na sauti alisimama mbele yao akawauliza.

Na sisi wa Nyanda za Juu tunajua siri hiyo kuliko wengine. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi katika upimaji wa nchi nzima wa miaka 2022 na 2023. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, hospitali zetu, za serikali na za misheni pia, zimejifunza jinsi ya kumtunza mtu asiyepona lakini anayeishi. Ana kadi yake, ana tarehe yake, na asipofika hupigiwa simu au kufuatwa nyumbani. Je, mwenye baridi yabisi au lupasi ana nini? Ana daftari la shule alilonunua dukani, ambalo kila daktari huandika ukurasa mpya bila kusoma wa nyuma.

Basi tuanze na daftari hilo hilo. Geuza ukurasa wa mwisho, piga mistari, andika juu: CHANJO. Chini yake andika jina la chanjo na tarehe, kila unapochomwa. Unapomkabidhi daktari, mfungulie ukurasa huo kwanza. Ni jambo dogo, nami najua wako watakaocheka, lakini hata katika nchi tajiri shida imekuwa ndiyo hiyo hiyo: kukumbuka, na kuuliza. Huko Ufaransa, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa karibu 1,000 wenye baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikaa na muuguzi aliyewauliza moja baada ya moja habari za moyo, mifupa, saratani na chanjo, kisha akapeleka habari kwa daktari wao. Baada ya miezi sita, mambo yaliyotengenezwa katika kundi hilo yalikuwa mengi kuliko katika kundi lingine. Hakukuwa na dawa mpya. Alikuwapo muuguzi, na maswali yake.

Zipi ni halali, zipi ni mwiko

Hapa sharti usome polepole, maana si kila chanjo yamfaa kila mtu. Chanjo ni za namna mbili. Ziko zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa: surua na rubela, homa ya manjano, matone ya polio, na ile ya kifua kikuu inayoacha kovu begani. Hizo, kwa mtu anayetumia dawa nzito za kulaza kinga, kwa kawaida hazifai, kwa kuwa kijidudu dhaifu chaweza kupata nguvu mahali pasipo na mlinzi. Na ziko zisizo na kitu chochote kinachoweza kuzaa mwilini: homa ya ini B, pepopunda, mafua makali, kichomi, korona. Hizo hazina hatari hiyo, hata kwa mwenye kinga ndogo. Labda kinga atakayopata haitakuwa imara kama ya mtu mzima wa afya, lakini nusu ya ukuta si sawa na kukosa ukuta.

Madereva wa Tunduma mnanielewa ninaposema homa ya manjano. Anayepeleka mzigo Lubumbashi lazima awe na cheti, maana Kongo hukidai. Dereva anayetumia methotreksati asichomwe chanjo hiyo kwa haraka mpakani bila kusema neno, wala asinunue cheti cha uongo, kama wafanyavyo wengine. Kwanza atafute kile cha zamani: tangu mwaka 2016 sindano moja ya homa ya manjano yahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo aliyechomwa kabla ya kuugua hana haja ya kurudia. Kama hakuchomwa kamwe, daktari aweza kumwandikia cheti cha msamaha kwa sababu ya ugonjwa. Lakini ajue kwamba cheti hicho hakimlindi na mbu. Yafaa azungumze na daktari kama safari yenyewe ina lazima.

Katika zile zisizo na hatari hiyo, mimi ningeweka homa ya ini B mbele. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hiyo katika ratiba yao mwaka 2002. Maana yake, wewe uliyezaliwa kabla ya mwaka huo hukuipata utotoni, nao ndio watu wengi wenye baridi yabisi leo. Dawa zako zikiwa bado hazijaanza, omba upimwe damu kwanza. Ukionekana unavyo virusi, daktari ataangalia namna ya kukutibu kwa usalama. Ukionekana huna, uchanjwe: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Mtu mzima mara nyingi hulipia, na sitaficha kwamba kwa mkulima ni fedha. Ulizia bei kabla ya safari. Chanjo za mafua na kichomi kwa watu wazima hazipatikani katika kila zahanati; mara nyingi ni za hospitali kubwa za mijini, kwa malipo. Pepopunda haifai kusahauliwa, hasa kwa wanaume, maana wanawake wengi huchomwa wakiwa wajawazito, lakini baba mwenye jembe na miiba huenda hakuchomwa tangu utoto.

Wako wanaoogopa kwamba sindano itauamsha ugonjwa. Hofu hiyo ina maana, wala simcheki mtu aliyekwisha kuonja maumivu ya usiku. Lakini sikiliza hesabu. Madaktari wa Ulaya walikusanya habari za watu zaidi ya 5,000 waliochanjwa korona, karibu wote wenye magonjwa ya uvimbe ya viungo na jamaa zake. Katika kila 100, wanne au watano ndio ugonjwa wao uliamka baadaye, na walioamkiwa vikali hawakufika hata mmoja kwa mia. Mkono kuuma siku mbili na homa ndogo ni mambo ya kawaida, na hayo si ugonjwa kuamka.

Juu ya wakati, mashauri ya madaktari ni kwamba chanjo itangulie dawa nzito inapowezekana, lakini matibabu yanayohitajika yasicheleweshwe kwa ajili ya kungoja sindano. Kwa methotreksati na chanjo ya mafua, madaktari wengine humwambia mgonjwa aliyetulia aruke dawa majuma mawili baada ya sindano, kwa kuwa imeonekana kinga hushika vizuri zaidi. Huo ni uamuzi wa daktari. Usijipangie mwenyewe nyumbani.

Na wewe usiyeugua, unayekaa na bibi huyo, kazi yako ni kubwa. Kichomi na mafua havimjii kutoka angani. Huletwa na wajukuu na majirani. Tangu mwaka 2013 watoto wetu huchanjwa dhidi ya vijidudu vya kichomi, na mtoto aliyekamilisha ratiba yake anamkinga pia mzee anayelala naye chumba kimoja. Mtoto asikoseshwe chanjo zake kwa ajili ya mgonjwa aliye nyumbani; ila mwambie muuguzi kwamba yupo mtu wa kinga ndogo, akushauri, na anayembadilisha mtoto nepi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula cha bibi. Ukiweza, moshi wa kuni utoke nje. Katika nyumba zetu za baridi tunapenda kufunga kila dirisha, nacho kifua cha mwenye pumu kinalipa.

Siku ya kwenda hospitali, iwe ni Rufaa ya Kanda pale Mbeya, iwe ni Hospitali ya Mkoa Iringa, Tosamaganga, Ilula au Igogwe, mambo hayahitaji Kiswahili kigumu. Muuguzi atasema, “Shikamoo, bibi.” Nawe, “Marahaba, mwanangu.” “Viungo vinasemaje leo?” “Vimetulia kidogo. Lakini nina neno moja kabla hujanipeleka kwa daktari. Dawa hizi, je, zinapunguza kinga? Na chanjo ipi inanifaa, ipi ni mwiko kwangu? Ukurasa wangu ni huu.” Kama yeye hajui, atamwuliza daktari. Kama chanjo haipo siku hiyo, mwombe akuandikie jina lake na mahali inapopatikana, hapo hapo katika daftari.

Panga na miezi pia, kama barabara yenu ni ya vumbi na matope. Anayeanza homa ya ini B mwezi Mei, mvua zinapoisha, hupata ya pili mwezi Juni, na ya tatu humwangukia Novemba, kabla magari hayajaanza kukwama.